Nani hasa amepanda mlima?

Miongoni mwa njia za kupanda Kilimanjaro, ile inayoanzia Umbwe, upande wa Kibosho, inajulikana kuwa fupi na yenye mwinuko mkali kuliko nyingine. Ukishapita getini unaingia msitu wa mvua, na haichukui muda njia inakamata mgongo mwembamba wa ardhi ulio kati ya makorongo. Kuna sehemu ambazo miguu peke yake haitoshi: mgeni anashika mizizi, anashika shina, anajivuta. Upande wa mashariki, kwenye njia ya Marangu, mambo ni tofauti. Njia ni pana, kuna vibanda vya kulala Mandara na Horombo, na mtu mwenye pumzi nzuri anaweza kwenda siku mbili nzima mikono ikiwa mfukoni. Hata hivyo kampuni za utalii za mjini Moshi, zinapotangaza safari hizo mbili kwa Kiingereza, hutumia kitenzi kilekile, climb. Na wenyeji, wakizungumza Kiswahili, husema kupanda mlima kwa zote mbili. Kamusi nazo hazileti ubishi: ukitafuta climb unapewa kupanda, kisha kukwea. Kwa hesabu hiyo climb na kupanda ni mapacha. Hoja yangu ni kwamba si mapacha, ni majirani tu wanaopakana upande mmoja, na kwamba pale wanapoachana pana uzito kwa watu wanaoishi kwa kazi ya mlima huu.

Tuanze na Kiingereza. Climb ni neno la zamani sana katika lugha hiyo. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa climban, na ndugu yake yumo hadi leo katika Kijerumani na Kiholanzi kama klimmen. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na mzizi wenye maana ya kung'ang'ania kitu. Ile b ya mwishoni, inayowatesa wanafunzi wetu kwa kuwa inaandikwa wala haitamkwi, ni mabaki ya matamshi ya enzi hizo. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuwa la kwenda juu tu. Lilikuwa la kwenda juu kwa kushikilia. Mtu wa Umbwe anayejivuta kwa mizizi analitumikia lilivyozaliwa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wanaisimu wa Marekani walilichambua neno hili kwa makini. Charles Fillmore, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, aliona kwamba maana yake ina sehemu mbili: uelekeo, yaani kwenda juu, na namna, yaani kutumia mikono na miguu kushika na kujisukuma. Ray Jackendoff akaiendeleza hoja hiyo katika makala ya mwaka 1985. Kinachovutia ni kanuni waliyoiona: sehemu mojawapo inaweza kukosekana, lakini si zote mbili kwa pamoja. Ndege ikiondoka Uwanja wa Kilimanjaro na kushika mawingu, Mwingereza atatumia climb, ingawa ndege haina mikono wala miguu. Kwenda juu kupo, kushika hakupo. Mtoto anayeteremka kwenye mparachichi kwa kukumbatia shina atasemwa kwa climb down. Sasa kushika kupo, kwenda juu hakupo. Mgeni aliyechoka anayejipenyeza kwenye mfuko wa kulalia ndani ya hema, naye hutajwa kwa climb into, kwa sababu mwili mzima umefanya kazi ya kujikunja na kujiingiza, ingawa hakuna mahali popote alipopanda. Lakini ndege inayoshuka kutua haisemwi kwa climb down. Wala nyoka anayeteremka mti. Nyoka akielekea juu, Kiingereza kinamkubalia. Akigeuza kichwa kuelekea chini, kinamkatalia, kwa kuwa sasa hana hata sehemu moja kati ya zile mbili. Sijui kipimo kingine cha maana ya kitenzi kilicho rahisi na kikali kama hiki cha nyoka.

Wapo ambao hawakuridhika. Anna Wierzbicka, mwanaisimu mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi zake nyingi Canberra, Australia, alipinga wazo la kwamba kitenzi kinaweza kutupa nusu ya maana yake kila kinapotaka. Kwake yeye maana ni moja: mwendo unaofanana na wa mtu aliye mahali ambapo hana budi kutumia mikono na miguu. Ndiyo maana treni inayosemwa kwa climb ni ile inayopanda polepole na kwa taabu. Ingekuwa inapaa kama risasi, neno lingekuwa jingine. Pingamizi hili lina nguvu, na linatufaa sana Kilimanjaro, kwa sababu linatueleza kinachobaki mikono ikishaondolewa: kinabaki kibarua na mwendo wa taratibu. Mtu anayetoka kibanda cha Kibo usiku wa manane kuelekea ukingo wa kasoko hashiki chochote isipokuwa fimbo zake, lakini kila hatua anailipia kwa pumzi, na mwongozaji wake amemwimbia pole pole tangu getini. Hakuna Mwingereza atakayesita kuiita kazi hiyo climb. Ninapoachana na Wierzbicka ni kwenye ndege. Marubani hulitumia neno hili hata kwa ndege ya kivita inayoshika mawingu kwa kasi ya kutisha, na hapo hakuna taabu wala taratibu yoyote ya kukumbusha mwili wa binadamu. Kwa hiyo nabaki na sehemu mbili, ila nakubali kwamba ile ya pili ni pana kuliko mikono: ni jasho la mwili dhidi ya mwinuko.

Sasa tugeukie kupanda. La kwanza la kusema ni kwamba kitenzi hiki hakikubali kushuka kabisa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiitafsiri climb down neno kwa neno, akasema amepanda chini ya mti, msikilizaji atadhani kaotesha kitu kivulini. Kutoka juu ya mti ni kushuka, uwe umeshika shina, umeteleza au umedondoka nusu njia. Kwa sababu hiyo wengi huhitimisha kwamba kupanda ni ile nusu ya climb inayohusu uelekeo, basi. Hitimisho hilo halidumu dakika tano katika stendi ya Moshi. Abiria anapanda basi la Dar es Salaam; ngazi za mlangoni ni chache, na safari yenyewe kwa jumla ni ya kuteremka kutoka mteremkoni mwa Kilimanjaro hadi usawa wa bahari. Bado atasema alipanda basi hadi Dar. Atapanda bodaboda, atapanda baiskeli, atapanda treni. Bandarini atapanda meli hata kama gati liko juu ya sitaha na ngazi ilimshusha. Huko Kibosho, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani na kukatiwa majani, mfugaji husema jike limepandwa, au kwamba yeye kalipandisha, maana yake dume limekuwa juu yake. Mtu aliyepagawa husemwa mashetani yamempanda, na mwenye ghadhabu amepandwa na hasira. Katika orodha hii yote hakuna mlima. Kilichopo ni kitu kimoja kuwa juu ya kingine: kubebwa nacho, au kukikalia na kukitawala. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya kupanda, nusu ambayo climb haijawahi kuwa nayo.

Hapo ndipo kosa maarufu la wanafunzi wetu linapoeleweka. Anayeandika kwa Kiingereza kwamba alipanda basi kwenda shuleni, akatumia climb, hakukosea kwa uvivu wa kutofungua kamusi. Kamusi ndiyo iliyompeleka huko. Yeye amelenga kubebwa. Mwingereza anayemsoma anaona mtu aliyeshika ubavu wa basi kwa mikono na miguu, akijivuta kuelekea kwenye keria. Mwalimu akimwambia tu kwamba neno hilo si sahihi hapa, mwanafunzi atalikariri kosa moja na kulirudia kwenye farasi, kwenye meli na kwenye pikipiki. Akimwonyesha kwamba climb hudai ama kwenda juu ama mwili kuhangaika, na kwamba kukaa juu ya kitu peke yake hakutoshi, atakuwa amemsahihisha mara nyingi kwa pigo moja.

Kuna kupanda kwingine ambako sitakufuatilia sana: kule kwa mbegu na miche. Kamusi huviweka vitenzi hivyo viwili mbalimbali, na sauti tu ndiyo inayovikutanisha. Methali zinatosha kuonyesha: mpanda ovyo hula ovyo ni ya mkulima, mpanda farasi wawili hupasuka msamba ni ya yule mwingine, na hakuna Mswahili anayezichanganya. Mteremkoni mwa Kilimanjaro, ambako watu huishi kwa migomba na kahawa na wakati huohuo mlima uko nyuma ya nyumba, sentensi nimepanda mti inaweza kwenda kokote kati ya maana hizo mbili. Lakini ni mara chache mtu alazimike kuuliza. Aliyeshika jembe na aliyechanika suruali wanajulikana.

Swali lenye mafuta zaidi ni hili: ikiwa kupanda hakuubebi mkono, Kiswahili kimeuweka wapi? Kimeugawa kwa vitenzi vingine, kila kimoja na kazi yake. Kuparaga ni kukumbatia shina kwa mikono na miguu ukajisukuma juu. Kukwea ni kazi ya mkwezi wa minazi. Kudandia ni kuning'inia kwenye gari ambalo halikusimama kwa ajili yako, au limeshaondoka. Kuparamia ni kupanda kwa pupa au kwa nguvu, na ndiyo sababu mtu anayejiingiza katika mambo asiyoyajua husemwa kuyaparamia. Angalia jiografia ya maneno haya. Mengi yana harufu ya pwani, ambako riziki ya mtu ilikuwa kileleni mwa mnazi. Kwenye vihamba vya Kibosho, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, hakuna riziki ya aina hiyo. Mkungu wa ndizi hushushwa kwa kuukata, na kahawa huchumwa mtu amesimama. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kukwea kuonekana neno la kitabuni kwa watu wengi wa bara, wakati Kenya limeshika mizizi hadi kwenye vitabu vya shule na magazeti, ambako watu hukwea mlima bila kumshangaza mtu. Vijana wa Tanzania wamelirudisha mtaani kwa utani: kukwea pipa, yaani kusafiri kwa ndege. Utani huo unafanya kazi kwa sababu kukwea bado kunabeba mikono. Ukisema amepanda ndege, umetoa taarifa tu. Ukisema amekwea pipa, tunamwona ameikumbatia.

Atatokea mtu aseme kwamba nimejenga nyumba yangu juu ya mabasi na ng'ombe, nikaisahau bei. Kahawa ikipanda bei kwenye mnada wa Moshi, imekaa juu ya nini? Joto likipanda, cheo kikipanda, mafuta yakipanda, nani kabebwa? Ni kweli, hapa hakuna kukalia kitu. Kuna kwenda juu peke yake. Lakini jambo hili halivunji hoja, linaikamilisha, kwa sababu hapa hasa ndipo mpaka wa majirani wetu wawili ulipo: bei hupanda kwa Kiswahili na hufanya climb kwa Kiingereza, na tafsiri inapita bila ushuru. Panapokuwa na uelekeo mtupu, lugha mbili zinakubaliana. Zinaachana pale kila moja inapoleta nusu yake ya pili, Kiingereza kikileta jasho na Kiswahili kikileta kikao. Na mwenye kukosea huwa amekosea kwa kudhani kwamba makubaliano ya bei yanaendelea hadi kwenye basi.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kuingiza jasho, nayo haiko katika kitenzi kingine, iko katika mnyambuliko. Gari linalotoka mjini Moshi kuelekea Kibosho linapandisha. Halimpandishi mtu, ni lenyewe linapambana na mlima, gia imerudishwa chini na injini inalia. Mtu naye akitoka kwenye barabara ya lami kwa miguu kuelekea kwao juu husema ameanza kupandisha. Hapa kiambishi ambacho darasani tunafundishwa kuwa ni cha kusababisha kinafanya kazi ya kukaza, na kwa maoni yangu kupandisha kwa namna hii ndilo neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na climb ya Wierzbicka, ile ya treni inayohema. Ajabu ni kwamba hakuna kamusi ya Kiingereza na Kiswahili niijuayo inayomwelekeza msomaji huko.

Kisha kuna kupandisha kwa maana yake ya kawaida, ya kusababisha, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Mwongozaji husema anapandisha wageni. Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, alipanda hadi juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na huko akapandisha bendera ya Tanganyika huru. Sentensi hiyo moja ina panda mbili, na kila moja inajua kazi yake. Climb haina mnyambuliko wa namna hii. Kwa Kiingereza huwezi kusema kwa kitenzi hicho kwamba mtu fulani alimfanya mwingine apande. Lazima ugeukie maneno ya kuongoza, kupeleka, kusindikiza. Matokeo yake yanaonekana katika matangazo ya kampuni. Katika sentensi ya Kiingereza mtendaji ni mgeni, na mwongozaji ni msaada unaotajwa pembeni. Katika sentensi ya Kiswahili mwongozaji anaweza kuwa ndiye mtendaji, na mgeni akawa mtendwa, mzigo mmoja miongoni mwa mizigo iliyofikishwa salama. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyopanga nani apate sifa. Nasema kwamba kila lugha imekuwa na sentensi tayari kwa upande wake.

Maana ya climb kwenye mlima huu pia haikukaa palepale. Hans Meyer alipofika mwaka 1887 alikwama kwenye ukingo wa barafu, akarudi kwa kukosa zana za kuivuka. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hiyo walichonga vidato kwenye barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua, hadi ukingo wa kasoko, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni; Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama aliyewaongoza. Kazi ile ilikuwa climb kwa nusu zake zote mbili. Tangu hapo barafu imepungua vibaya: katika ile iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imetoweka mwanzoni mwa karne hii. Njia za kawaida za leo zinamfikisha mtu kilele cha Uhuru, mita 5,895, bila kukata kidato hata kimoja. Upande wa kusini magharibi, juu ya Kibosho na Machame, bado kuna kuta za mwamba ambako neno linabaki na makucha yake: Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupita ukuta wa Breach mwaka 1978, na kwenye njia jirani ya Western Breach maporomoko ya mawe yaliwaua Wamarekani watatu Januari 2006, njia ikafungwa kwa muda. Kwa hiyo kampuni inapoandika climb, neno linamfikia mteja likiwa na historia ya shoka na kamba, wakati kinachouzwa kwa wengi ni matembezi marefu, magumu na ya baridi kali. Wengine huogopa bila sababu. Wengine, wakishaambiwa kwamba kamba hazihitajiki, huyadharau mapafu yao, na hao ndio wa hatari zaidi. Naona kampuni zinazoanza kuandika trek badala yake zina haki kwa Marangu. Kwa Umbwe sina hakika.

Imebaki tofauti moja, ndogo kwa macho, na ndiyo inayowagusa watu wa Kibosho kuliko zote. Kiingereza kikiuweka mlima mara baada ya climb, bila neno lolote katikati, kinadai kwamba ulimalizwa. Mtu aliyelala Horombo akageuka hawezi kusema kwa Kiingereza kwamba amefanya climb ya Kilimanjaro bila kuonekana anajikweza. Atalazimika kusema alijaribu, au alipanda sehemu. Kwa Kiswahili sentensi nimepanda Kilimanjaro ila sikufika kileleni ni safi, haina kasoro wala majivuno. Kwa nini? Kwa sababu kupanda ni kuwa juu ya kitu, na aliyelala Horombo alikuwa juu ya mlima bila shaka yoyote. Aliyeshuka Korogwe amepanda basi la Dar es Salaam sawasawa na aliyefika Dar. Kitenzi kilitimia mguu ulipokanyaga ngazi. Kufika ni habari nyingine, na ina kitenzi chake.

Sasa mchukulie mgumu, jina ambalo wapagazi wa mlima huu hujiita. Anabeba hadi kilo 20 zinazoruhusiwa na hifadhi, anawapita wageni njiani, anafika kambini kabla yao na kusimamisha mahema. Katika safari nyingi zinazopitia Umbwe au Machame, mwisho wake ni kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kileleni wanaondoka wageni, mwongozaji na wasaidizi wake; wagumu walio wengi hubaki kulinda kambi na kuandaa chakula cha watakaorudi wamechoka. Baadaye getini vyeti vinatolewa, kimoja kwa aliyeishia ukingoni mwa kasoko, kingine kwa aliyefika Uhuru, na mgumu hayumo katika hesabu hiyo. Kwa Kiswahili, kijana huyo wa Kibosho amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko mgeni yeyote atakayewahi kumbebea begi. Kwa Kiingereza alibeba.

Najua litakalosemwa: haya ni maneno tu, muktadha huyaweka sawa, na hakuna mgumu aliyelipwa pungufu kwa sababu ya kitenzi. Kuhusu malipo nakubali. Kuhusu muktadha sikubali moja kwa moja, kwa kuwa upo wakati ambapo muktadha ndio unaopotosha. Mgumu kijana anatafuta kazi ya usaidizi wa mwongozaji, na mwenye kampuni aliyekuja kutoka nje anamuuliza kwa Kiingereza kama amewahi kufanya climb ya Kilimanjaro. Kijana analisikia kwa sikio la Kiswahili na kujibu ndiyo, na ni kweli. Mwajiri analisikia jibu kwa sikio lake, na kwake ndiyo hiyo inamaanisha Uhuru. Swali linalofuata ni kuhusu njia ya juu ya Stella Point, pale ukingoni mwa kasoko, gizani, na kijana hana la kusema. Mmoja anatoka akidhani ametegwa, mwingine akidhani amedanganywa, na wote wawili walisema kweli. Lingeulizwa swali la kufika tangu mwanzo, kwamba je, umefika Uhuru, lisingekuwa na pa kupotelea katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, na mwajiri mwenye busara angeongeza la pili: je, umepandisha wangapi?